Kithembe cha Profesa

Jumatatu asubuhi kikao cha maabara kilichelewa kuanza, kwa sababu mashine ya kuonyeshea picha ukutani haikuwaka mpaka ilipopigwa kofi ubavuni. Profesa aliipiga kofi, akajiweka sawa, akaonyesha mchoro wa kimeng'enya kinachovunja sumukuvu kwenye nafaka. Mchoro ulikuwa wa Chiriku, mwanafunzi wake wa uzamivu. Jina lake tu ndilo lililokuwa limefutwa pembeni, na mahali pake pamekaa jina la Profesa na la mkwewe. Kisha Profesa alifungua mdomo, na sauti iliyotoka ilikuwa ya Chiriku.

Ilikuwa yake kabisa: nyembamba, ya mbiombio, ile iliyowafanya nyumbani wamwite Chiriku tangu alipoanza kusema, pamoja na kithembe chake.

"Thumu hii inavunjika ndani ya thaa chache," alisema Profesa, mwanamume mwenye kifua kama pipa.

Fundi wa maabara aliinuka akafunga dirisha ili wasikie vizuri. Mtu mmoja akauliza kuhusu kiwango cha joto, akajibiwa kwa kithembe, akaridhika. Walipohamia kwenye jokofu bovu na zamu za kuosha vyombo, Profesa alirudia besi yake nzito ya siku zote.

Chiriku alijishika koo. Lilikuwa salama, na sauti yake ilikuwamo.

Kimeng'enya hicho hakukipata kwa bahati. Mdogo wake wa kike alikufa kwa ugonjwa wa ini baada ya familia kula nafaka zilizoingia kuvu, na Chiriku alitoka matangani akaenda kuchimba udongo wa shamba lilelile, akautia kwenye chupa, akaupeleka chuoni. Miaka yote ya uzamivu aliuchekecha udongo ule akikitafuta kimeng'enya hicho, mpaka ngozi ya vidole ikambambuka kwa dawa za kusafishia. Kwa hiyo kikao kilipokwisha alimfuata Profesa ofisini.

Profesa alimkaribisha kiti. Alimweleza kwa upole kwamba makala imeshatoka kwenye jarida, na kwamba jina lake limo, mwishoni, kwenye shukrani, baada ya kampuni iliyotengeneza feni ya maabara.

"Vumilia, binti yangu," alisema kwa besi. "Sisi sote tulipita njia hii."

"Na thote mlinyamaza?" aliuliza Chiriku.

Profesa akaanza kutafuta miwani yake, nayo ilikuwa usoni.

Mhadhara mkubwa wa Profesa ulikuwa unakaribia, kwa hiyo alikwenda kwa daktari wa koo. Daktari alimmulika, akasema koo ni zima, ila sauti ni ya mtu mwingine na arudishiwe mwenyewe. Dawa ya hilo hakuwa nayo. Alimwandikia tembe za kumung'unya ili asitoke mikono mitupu. Mkwe akajaribu kuusoma mhadhara badala yake. Alipofika kwenye neno sumukuvu, naye akaingia kithembe.

Ndipo mkuu wa idara alipomwita Chiriku. Alikuwa mama mstaarabu, asiyependa kugombana na mtu kabla ya chai. Alisema chuo kiko tayari kumtafutia mwalimu wa matamshi, amwondolee kithembe na kuishusha sauti kidogo, iendane na hadhi ya Profesa.

"Kwa hiyo nibadilishe koo langu, apate kuongea vizuri?"

"Ni kwa faida ya idara."

"Kithembe hakitoki. Kama kinamwelemea, akitue."

Mkuu wa idara alisema amemwelewa. Kuhusu jina kwenye makala, alisema hayo ni mambo ya mwanafunzi na msimamizi wake, akaagiza chai.

Wiki hiyo Profesa alihojiwa redioni. Jioni mama yake Chiriku akapiga simu kutoka nyumbani. Alisema amemsikia bintiye, majirani wote wamemsikia, isipokuwa mtangazaji alikosea jina.

"Hakukothea, mama."

 Mama akasema, "Basi ongea taratibu. Ukiwa na hasira unakimbia mno, watu hawashiki maneno."

Tasnifu ya Chiriku ilifika mbele ya jopo la watahini siku chache kabla ya mhadhara. Mwenyekiti aliifungua, akaisifu kwa mpangilio wake, kisha akasema haiwezi kupokelewa. Matokeo yake yameshachapishwa na watu wengine, na chuo hakitoi shahada kwa kazi ya kunakili. Alishauri mada mpya. Wajumbe wakatikisa vichwa kwa huruma.

Chiriku aliichukua tasnifu yake, akaipangusa jalada kwa kiganja. Aliwaambia ataileta tena muhula ujao, na muhula utakaofuata, na kwamba habadilishi hata nukta. Mwenyekiti akamuuliza kama ana la ziada.

"Ninalo. Mtalithikia Ijumaa."

Ijumaa ukumbi ulijaa. Profesa, akiwa ameteuliwa asubuhi hiyo kuongoza taasisi mpya ya usalama wa chakula, alihutubia mchana wote kwa sauti nyembamba yenye kithembe. Safari hii haikukimbia. Ilikwenda taratibu, kila neno likashikika, na wageni waliosimama nyuma hawakukosa kitu. Alivikwa nishani. Mkwewe akapewa ua. Ukumbi mzima ukasimama kupiga makofi.

Chiriku alibaki ameketi mstari wa mbele, mikono mapajani. Makofi yalipozidi aliinuka, akapanda jukwaani, akasimama kando ya Profesa. Aliichukua glasi ya maji iliyowekwa kwa ajili ya msemaji, akainywa yote bila haraka, kwa sababu koo lilikuwa limemkauka kama la mtu aliyehutubia mchana wote. Mhudumu akaja na jagi, akamjazia nyingine.