Bahari ya Bi Verlene

Kimbunga kilipopita, tulikuta kasino imekaa juu ya nyumba ya bibi yangu.

Haikuanguka wala haikupinduka. Tishali zima la ghorofa tatu, chombo bapa cha majini kisicho na injini, lenye mashine za kamari, baa na jukwaa la wanamuziki, lilikatika nanga pale ufukweni, likavuka barabara kuu, likatua Mtaa wa Magnolia limesimama wima kama mgeni aliyealikwa. Chini yake kulikuwa na vyumba vitatu, baraza, na jiko ambalo Bi Verlene Barabino alikuwa amelipaka rangi ya manjano kwa mkono wake. Kilichobaki kuonekana ni ngazi za mbele tu, ngazi za saruji zinazopanda na kuishia ubavuni mwa tishali.

Sisi wa Pointe Solange hatukuuliza kwa nini kasino ilijengwa juu ya tishali. Sheria ya Mississippi iliruhusu kamari majini peke yake. Miaka ya nyuma wakubwa wa makanisa na wakubwa wa fedha walikaa pamoja, wakabishana, mwishowe wakakubaliana kwamba dhambi ikielea si dhambi sana. Tangu hapo waumini walivuka daraja fupi la mbao, wakatenda dhambi juu ya maji, wakarudi nchi kavu wakiwa wasafi.

Mimi nilikuwa nimemaliza chuo mwaka ule, nikapata kazi ya kuandika kumbukumbu za vikao vya baraza la mji. Kazi yenyewe ilinifaa, maana anayeandika haulizwi maoni yake. Mchana niliandika, jioni nilirudi kwa Bibi, katika nyumba ya trela tuliyopewa na serikali, kwenye uwanja wa besiboli pamoja na nusu ya mji. Bibi aliomba kuunganishiwa umeme katika trela hiyo majira ya baridi. Ulipofika, tulikuwa tumeanza kutafuta feni.

Meya wetu, Lucien Saucier, alikuwa muuza majokofu kabla ya siasa, na hata kwenye msiba alizungumza kama mtu anayekufungulia mlango wa jokofu uone nafasi iliyomo. Alisimama mbele ya baraza akatangaza Mpango wa Kufufua Mji. Mpango ulikuwa na kurasa nyingi zenye picha za watu wanaocheka, lakini ndani yake mlikuwa na neno moja tu: kasino.

"Na shule?" aliuliza mtu kutoka nyuma.

"Kodi ya kasino itajenga shule."

"Hospitali je?"

"Kodi ya kasino."

"Sasa watu watachezea nini kamari, na hawana kazi?"

"Watapata kazi," Meya alisema, uso umemng'aa. "Kasino!"

Watu walipiga makofi. Mtu aliyelala mwaka mzima kwenye trela hupigia makofi chochote chenye paa.

Tatizo lilikuwa moja. Tishali sasa lilikuwa nchi kavu. Wabunge kule Jackson, makao makuu ya jimbo, walikuwa wakijadili kuruhusu kamari nchi kavu, karibu na ufukwe, lakini Bwana Prentiss, mkuu wa kampuni ya kasino, hakutaka kuwangoja. Alitoka Nevada, jangwani, akaja kutufundisha sisi maana ya bahari. Alieleza kwamba kampuni itachimba mfereji kutoka kwenye kijito hadi Mtaa wa Magnolia, na bwawa kulizunguka tishali. Maji yataingia na kutoka kwa kupwa na kujaa. Na kisheria, mahali maji yanapopwa na kujaa ni bahari, na sakafu ya bahari ni mali ya jimbo. Jimbo litaikodisha kwa kampuni. Hakuna haja ya kununua kiwanja cha mtu yeyote, kwa sababu hakutakuwa na kiwanja.

Mji uliotumia mwaka mzima kujikausha ukaanza kujadili jinsi ya kuingiza maji.

Bibi alinyanyuka. Alikuwa mpishi wa shule ya msingi kwa miaka mingi, na karibu kila mjumbe wa lile baraza alikuwa amekula mkononi mwake.

"Lucien, mwanangu."

"Naam, Bi Verlene."

"Nyumba yangu iko wapi?"

Meya alikohoa. "Unauliza kisheria, Bi Verlene, au…"

"Kwani ziko mbili?"

Watu walicheka. Meya alicheka pia, kidogo. "Kisheria, mama yangu, itakuwa chini ya bahari."

"Nani kaipeleka huko?"

"Mungu. Kwa njia ya kimbunga."

"Mungu hakuja na katapila, Lucien. Nimeliona hilo katapila, limeegeshwa nje."

Bwana Prentiss aliinuka kumsaidia Meya. Alikuwa na sauti laini na meno mazuri. "Mama, usihuzunike. Bahari haina mwenyewe. Ni yako, ni yangu, ni ya kila mtu. Nani anaweza kumfukuza mtu baharini?"

"Ya kila mtu?"

"Ya kila mtu."

"Hata mimi?"

"Hasa wewe, mama."

Makofi tena. Niliyaandika yale maneno kama yalivyosemwa. Jioni ile Bibi aliingia bafuni akafungua bomba ili nisimsikie akilia. Kuta za trela zile ni nyembamba kama katoni, nikamsikia. Kiwanja kile alikinunua pamoja na babu yangu wakati ambapo watu weusi hawakuuziwa ardhi karibu na ufukwe isipokuwa sehemu yenye matope, na matope yale waliyajaza udongo kwa toroli mpaka yakawa uwanja. Sasa yalikuwa yanarudishiwa maji kwa kibali cha serikali. Kibali chenyewe kilitoka upesi ajabu.

Bwawa lilichimbwa, maji yakaingia, kasino ikafunguliwa kwa bendi na puto. Siku iliyofuata Bibi alivaa kofia yake ya kanisani, akaenda kukaa juu ya zile ngazi, miguu yake ikining'inia karibu na maji. Mlinzi alimwendea, akamtazama, akapiga simu, akasikiliza, akarudi zake mlangoni. Hakuna wa kumfukuza mtu baharini.

Nilimpelekea chakula cha mchana nikamkuta na jirani yetu, Thoai, mvuvi wa kamba kutoka Vietnam. Boti yake bado ilikuwa imenasa kwenye misonobari nyuma ya posta.

"Dada Verlene, unafanya nini hapo?"

"Nimekaa kwangu."

"Kwako ni bahari siku hizi."

"Basi nimekaa pwani."

"Anayekaa pwani mikono mitupu ni mtalii," Thoai alisema. "Unanitia aibu mtaani. Ngoja."

Alirudi na uzi, wavu mdogo wa mpini, na mfuko wa shingo za kuku. Kwetu mtoto hujua kuvua kaa kabla hajajua kufunga kamba za viatu: unafunga shingo ya kuku kwenye uzi, unaitumbukiza, unangoja uzi ukaze, unaivuta polepole kama unayeiba, kisha wavu chini. Bibi aliitumbukiza bila matumaini yoyote. Hata hakuwa anatazama.

Uzi ukakaza.

Kumbe kaa walikuwa wameigundua kasino mapema kuliko wacheza kamari. Jiko la tishali lilimwaga mabaki yake yote bwawani, nyama ya ng'ombe na keki, na kaa wa kijito kizima walikuwa wamefuata mfereji mpaka mezani. Thoai alimnyanyua wa kwanza kwa miguu ya nyuma. Alikuwa mkubwa kama sahani.

"Huyu ameshinda bahati nasibu," alisema.

"Alikuwa ameshinda," Bibi alijibu, akamtia ndooni. Nilimwona akitabasamu kwa mara ya kwanza tangu kikao.

Mwisho wa juma ule mtaa mzima ulikuwa pale. Watu walitoka uwanja wa besiboli na viti vyao vya kukunja, miavuli, ndoo, na masufuria makubwa ya kuchemshia kaa kwa pilipili na mahindi. Majirani ambao hawakuonana tangu kimbunga walikaa karibu kabisa na zilipokuwa nyumba zao, wakioneshana: hapa palikuwa sebule yangu, wewe umekaa chumbani kwangu, haya toka. Moshi wa viungo uliingia kasino kupitia mitambo ya hewa. Wacheza kamari wakaanza kutoka nje, kwanza kunusa, kisha kutazama, kisha kuomba uzi. Mwanamke mmoja wa Alabama, mwenye gunia la sarafu begani, alipiga kelele kumwita mumewe:

"Harold! Toka huko ndani! Mashine imenila tangu asubuhi haijanipa hata asante. Hapa nimetia shingo ya kuku nimepata wawili!"

Ghorofa ya chini ikabaki na mashine zinazojiimbia peke yake.

Bwana Prentiss alimwita Meya, Meya akaja na polisi wetu, Delphin.

"Bi Verlene, nawaomba muondoke."

"Tumekosa nini, Lucien?"

"Mnavua!"

"Baharini?"

Meya alimgeukia Delphin. "Wakamate."

Delphin alivua kofia akajikuna. "Meya, sijui nitaandika kosa gani. Halafu yule pale kwenye kiti cha buluu ni mama yangu. Nikimkamata, nitalala wapi?"

"Usiku huu utalala nje hata usiponikamata!" mama yake alimwambia kwa mbali. "Nilikuagiza mahindi, yako wapi?"

Baraza likaitishwa kwa dharura. Bahati ilimwendea vizuri Bwana Prentiss: wabunge wa Jackson walikuwa wamepitisha ile sheria, kamari ikaruhusiwa nchi kavu. Wachungaji walikuwa wamegundua kwamba umbali mfupi kutoka majini ni kama majini. Kwa hiyo Bwana Prentiss hakuihitaji bahari tena. Alisimama, na kwa sauti ileile laini akaeleza kwamba pale Mtaa wa Magnolia hapakuwa bahari hata kidogo. Palikuwa nchi kavu iliyolowa kwa muda. Na mtu hawezi kuvua nchi kavu. Wale wote walikuwa wavamizi.

"Nani anaunga mkono kwamba ni nchi kavu?" Meya aliuliza.

Mikono yote ya wajumbe ilipanda. Watu kwenye viti vya nyuma walinung'unika, Bibi akaweka mikono juu ya mkoba wake.

Niliandika: eneo hilo ni nchi kavu, na limekuwa nchi kavu siku zote. Kisha kalamu ikasimama. Azimio la ardhi kwa utaratibu wetu halifungwi bila kutaja mwenye ardhi. Nilitazama huku na huku, nikitumaini mwingine ataliona hilo. Hakuna aliyeliona. Nikainua mkono, mara ya kwanza tangu niajiriwe.

"Samahani, Meya."

Aligeuka kama aliyesikia kiti kikizungumza. "Nini, Corinne?"

"Nchi kavu ya nani?"

"Andika tu."

"Nimeandika. Imebaki ya nani."

Wakili wa kampuni alianza kupekua makaratasi yake kwa haraka, akamnong'oneza Bwana Prentiss, na yale meno mazuri yakafichika. Thoai alianza kucheka peke yake, cheko la mtu aliyewahi kuona nyavu zikijaa, na kicheko kikatembea safu kwa safu mpaka kikamfikia Delphin mlangoni.

"Andika jina langu, mama," Bibi alisema bila kunyanyuka. "Wanalijua."

Nikaliandika. Meya alinipita akitoka, akanitazama kwa masikitiko makubwa. "Kumbe unaongea," alisema.

Kesho yake Bwana Prentiss alikuja kwenye trela na ahadi ya fedha ambazo familia yetu haijawahi kuzitamka. Bibi hakumfungulia mlango wa wavu.

"Siongei na mtu aliyekaa juu ya nyumba yangu," alimwambia. "Shuka kwanza. Na shimo lako ulifukie."

"Tukishuka, tutaongea?"

"Tutaongea."

Walishuka. Mafundi walilikata tishali kwa moto, vipande kwa vipande, malori yakavibeba kama vyuma chakavu. Mfereji ulizibwa, bwawa likajazwa udongo, safari hii kwa malori ya kampuni. Trela yetu ilivutwa mpaka Mtaa wa Magnolia. Udongo ulipokauka vizuri, Meya na Bwana Prentiss walifika, wamevaa suti, siku ya Jumatatu, ambayo kwetu ni siku ya kupika maharage mekundu na wali. Bibi aliwapakulia. Bwana Prentiss alitandaza michoro kati ya sahani: hoteli, maegesho, chemchemi yenye taa. Alieleza mpaka wali wake ukapoa. Bibi alisikiliza kila neno kwa heshima, hata akauliza chemchemi itarusha maji umbali gani.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, mama."

"Hapana," Bibi alisema. "Haya, tumeongea."

Kijiko kilimponyoka Meya. "Bi Verlene! Mji mzima utafufuka!"

"Mji mzima ni nani, Lucien? Ni watu waliorudi. Nami ndiyo kwanza narudi. Lete sahani yako nikuongezee."

Meya alisita, halafu akaleta sahani, maana maharage ya Bibi hayakataliki. Bwana Prentiss alichungulia dirishani, akakitazama kiwanja cha jirani, kitupu na kikavu.

"Kile ni cha nani?"

"Cha Thoai," Bibi alisema. "Wametoa boti yake kwenye misonobari juzi. Yuko baharini."

"Atarudi lini?"

"Yuko bahari ile kubwa ya kwelikweli," Bibi alisema, akimsogezea pilipili. "Wanaokwenda huko hatuwaulizi watarudi lini."