Majani Yasiyo na Tundu

"Wifi, hebu njoo! Mbona wadudu wako wanayumba kama walevi?"

Fundi cherehani alitoka mbio uani, sindano ya cherehani ikiwa bado imeuma gauni la mteja. Wifi yake alikuwa amechuchumaa kando ya kitalu, kicheko kimemkauka mdomoni.

Kitalu kile kilikuwa cha marehemu mume wa fundi. Alikusanya mbegu za magugu ya asili, yale yenye utomvu mweupe kama maziwa ambayo majirani waliyang'oa, kwa sababu viwavi wa milia hawali kingine. "Siku vipepeo watakaporudi," alisema akiwa hoi kitandani, "usiwafukuze." Hakuishi kuwaona. Msimu huu walikuja viwavi ishirini na watatu, wakala mpaka wakabakiza mashina matupu.

Jana wifi, yule yule aliyekuwa akimcheka fundi na kumwita Mama Viwavi, aliona huruma. Akaenda kwa muuza miche, akarudi na miche sita ya mmea huo huo.

"Ameniapia haijawahi kuguswa na mdudu. Ona inavyong'aa!"

Fundi alifurahi. Akawahamisha viwavi mmoja mmoja kwa vidole.

Sasa maneno yale yalimrudia. Haijawahi kuguswa na mdudu. Miaka thelathini hakuwahi kukata kitambaa kipya kabla ya kukilowesha. Mng'ao wa dukani, aliwaambia wanagenzi wake, huficha jambo.

Viwavi walikuwa wamejikunja chini. Wengine walitoa povu la kijani.

"Hukuiosha dawa ya wadudu?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Mimi? Si wewe unayelowesha kila kitu, wifi?"

Fundi aliinama. Aliokota waliokuwa bado wanatikisika. Watano. Akawaweka kwenye shina kuukuu, penye chipukizi moja, dogo kama ukucha.

"Nisamehe," wifi alinong'ona.

"Nyamaza. Tazama."

Kipepeo wa rangi ya chungwa aliingia uani. Aliyapita mashina matupu, akatua juu ya jani linalong'aa, akaanza kupinda mkia ili atage.

Fundi alikimbilia ndani, akalichomoa gauni kwenye cherehani, akaifunika miche yote sita.

Kipepeo aliruka, akazunguka mara mbili. Kisha akatua juu ya gauni, akawa anapapasa kwa miguu yake myembamba, akitafuta upenyo.