Uji Mdomoni mwa Mzee Muriithi

Mume wangu ni Muriithi, na mjukuu wetu wa miaka saba ni Muriithi pia, maana kwetu mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu yake. Yule mdogo nilizoea kumwita "mume wangu", tukacheka. Lakini Jumamosi moja mwaka wa 1974, hapa Othaya, kicheko kilinikaukia.

Niliita asubuhi, "Muriithi, amka!" Kwenye kitanda cha mtoto sauti nyembamba ikafoka, "Mama Wachuka, nani amenikata miguu?" Na kwenye kitanda cha mzee kikaanza kilio kizito cha kumwita nyanya yake: "Cucu, niko na ndevu!"

Walikuwa wamebadilishana miili. Na wageni walikuwa njiani kutoka Nanyuki kuja kumposa binti yetu Wachuka! Sisi ni watu wa kanisa, hatuweki pombe. Binti huonja uji wa mtama, kisha humpa baba yake kibuyu. Baba akinywa, amekubali. Mzee alikuwa ameapa hatakunywa. Ati huyo mchumba, Kingori, ni fundi wa magari, hana hata mti mmoja wa kahawa.

"Huyo mtoto asiguse uji!" akaniamuru, mikono kiunoni, kaptura imepasuka nyuma.

"Lakini Guka, mimi napenda uji," yule mkubwa akamwambia babu yake, akijikuna ndevu.

Nilimvalisha koti na kofia, nikamkalisha kwenye kiti cha mzee. Wageni wakafika. Mzee Ngatia, msemaji wao, akauliza, "Kahawa yenu inaendeleaje?"

"Sijui. Jana tulicheza huko kujificha."

Wazee wakacheka hadi wakakohoa. Wakasema Muriithi siku hizi amekuwa mtu mzuri.

Yule mdogo naye alifukuzwa na Wachuka hadi jikoni. "Watoto hawakai na wazee. Shika kisu, umenye viazi."

Akamenya, maganda manene kama soli ya kiatu. Mimi nilikuwa nakoroga mchuzi, nikaona Wachuka anajipangusa macho.

"Ni moshi, shangazi?" yule mdogo akauliza.

"Si moshi. Guka yako hatakunywa. Na hajaniuliza hata siku moja kama nampenda huyo mtu."

"Unampenda?"

"Gari yake ikikwama kwa matope, Kingori hucheka. Baba akikwama, hugombana na matope. Mimi nataka mtu wa kucheka naye."

Kisu kikasimama katikati ya kiazi.

Tuliingia sebuleni wote. Wachuka akaonja uji, akapiga magoti, akampa baba yake kibuyu kwa mikono miwili. Yule mkubwa akanitazama. Nikatikisa kichwa kumkataza. Akanusa. Akavuta pumzi. Akashindwa kabisa kujizuia, akajaza mdomo.

Papo hapo mtoto aliyesimama karibu nami akashika sketi yangu. "Cucu, nimerudi!" akaninong'oneza.

Nikageuka kwenye kiti. Mume wangu alikuwa amekaa wima, mashavu yamefura kwa uji, macho makali yakiwa yake mwenyewe. Hakuwa amemeza. Angeweza kuutema. Kingori, pale mlangoni, alikuwa amekunja kofia yake kama kitambaa cha vyombo.

Mzee alimtazama Wachuka muda mrefu.

Akameza. Akapangusa ndevu kwa mkono wa koti.

"Ongeza," akamwambia. "Na huyo fundi asisimame mlangoni kama mgeni. Aje akae hapa, anieleze anachekaga nini kwa matope."