Presha ya Mahindi Choma

Nianze na pawa benki, kwa sababu ndizo zilinifanya niwe mtu wa kusikilizwa. Ukiuziwa pawa benki barabarani hapa Kitale imeandikwa nguvu elfu hamsini, na ni nyepesi kiasi cha mkate nusu, ujue umebeba uongo. Muuzaji mjanja huongeza mchanga ndani ndio ipate uzito. Nimezipasua tatu mbele ya kamera. Mbili zilikuwa na betri moja ndogo na mchanga umefungwa kwa nailoni, ya tatu ilikuwa na simiti. Watu elfu nne waliniona nikiimwaga ile simiti kwa meza yangu huku mtaani Tuwan, wakaandika, Wabwile, wewe ndiye mtu wetu.

Simu ya kamera nne? Tatu ni stika. Ile feni ndogo ya kuchomeka kwa simu itakupuliza uso dakika kumi halafu simu izime, ubaki na jasho lako na huna wa kupigia. Pete ya kubandika nyuma ya kava, sawa, hiyo niliikubali, imeniokolea simu mara mbili juu ya choo. Lakini taa ya umbo la paka inayobadilisha rangi ukiipapasa kichwa, na anayeipapasa ni mtu mzima mwenye kitambulisho na bibi, hapo bana sina la kusema. Jina langu ni Nehemiah Wabwile na nina maoni kuhusu kila kitu kinachochajiwa. Kila video huimalizia kwa maneno matatu: nimeshika mimi mwenyewe. Maana yake, kama sijakijaribu kwa mkono wangu, sikwambii ununue.

Sasa mtu kama huyo alimdanganyaje mama yake mzazi? Ndilo nataka kueleza, na sitafuti huruma ya mtu.

Mwezi wa nne mwaka jana Thuo alipokea mzigo wa saa janja. Thuo ana duka la vitu vya simu mjini. Baba yake alikuja Trans-Nzoia kulima, yeye akasema jembe hapana, akafungua duka. Ndiye hunipa vitu nijaribu. Saa yenyewe ilikuwa nzuri machoni, mkanda mweusi, kioo kinang'aa, inahesabu hatua, inakuonyesha ujumbe. Na ilikuwa na alama ya moyo mwekundu. Ukiibonyeza inatetemeka kidogo kisha inakuandikia presha yako.

Thuo hakunificha. Aliniambia hiyo ya presha ni urembo tu, niongelee rangi na mkanda, basi. Mimi nilikuwa nakula mahindi choma pale kaunta. Kwa mchezo nikaifunga ile saa kwa mahindi, nikabonyeza moyo. Ikatetemeka, ikafikiria kama daktari, ikaandika mia moja kumi na nane kwa sabini na sita. Tulicheka mpaka Thuo akashika meza. Akasema hayo mahindi yako na afya kumliko yeye.

Hiyo ndiyo video ningetoa. Ningeitoa siku hiyo hiyo, leo hii ningekuwa sina neno la kujutia. Lakini Siku ya Mama ilikuwa inakaribia, na mimi nilikuwa nimechoka kuwa mtu wa kupasua vitu. Nilitaka mara moja tu watu walie kwa uzuri. Kijana anampelekea mama yake saa ya kupima presha. Unaona hiyo picha? Mimi niliiona kabla hata sijameza yale mahindi. Sikulipwa hata ndururu. Ilikuwa ni sifa tu, na sifa ni ugonjwa mbaya.

Mama anakaa Kamukuywa. Presha alikuwa nayo mwaka wa sita. Kila Alhamisi, siku ya kliniki ya presha, alikuwa anatembea mpaka zahanati, anakaa kwa foleni toka asubuhi, anapimwa, anapewa dawa, na akirudi wateja wa mboga wameshaenda nyumbani. Hakuwahi kukosa. Alikuwa analalamika lakini hakosi.

Nilimfungia saa nje ya nyumba, kamera ikiwa kwa miguu yake mitatu, dada yangu Phanice ameshika mwavuli tusipigwe na jua. Phanice anaishi hapo hapo bomani, ndiye humsaidia mama. Mama akabonyeza moyo. Mia moja kumi na nane kwa sabini na sita. Akaitazama, akainua mikono juu, akamshukuru Mungu kwa Kibukusu na kwa Kiswahili. Nilijua hizo nambari, nilikuwa nimezikula.

Naapa nilikuwa nimwambie nikizima kamera. Nilipoizima mama alishavuka ua kwenda kuonyesha majirani. Aliporudi, kuku alikuwa ashachinjwa. Na kwetu firigisi ni ya mwenye nyumba. Toka baba aage, mama alikuwa akichinja kuku firigisi anaigawa vipande, kila mtu apate kidogo, kwa sababu mwenyewe hayuko. Siku hiyo aliniwekea nzima kwa sahani yangu. Aliisukuma upande wangu. Wewe ungekaa mbele ya firigisi ya baba yako useme saa niliyoleta ni feki? Mimi nilikula. Nikajiambia nitampigia simu nikifika Kitale.

Video ilitazamwa na watu elfu sitini. Sikupiga simu.

Mwezi wa saba Phanice alinipigia kuniambia mama amekuwa daktari. Ati kila Jumapili baada ya ibada kina mama wanapanga foleni kando ya kanisa, mama anaipangusa saa kwa leso, anamfunga huyu, anabonyeza, anasoma kwa sauti, anamfunga mwingine. Nikaenda kujionea. Nilikuta wanawake kama ishirini. Walikuwa wanakuja na uso wa hofu na kuondoka na uso wa harusi. Ndani ya ibada mmoja alikuwa ametoa ushuhuda kwamba presha yake ilikuwa mia na themanini, wakamwombea, sasa saa inasema mia na kumi na nane. Kanisa likapiga makofi. Na mimi nilipiga makofi, nikiwa nimesimama.

Phanice hakupiga. Alinivuta kando akaniuliza mbona wote wanatoka sawa, mnene na mwembamba, nyanya wa miaka themanini na msichana wa kwaya. Nikamjibu kwa lugha ya video zangu, nikamwambia hicho kifaa kinachukua wastani, kinasoma mishipa kwa mwanga, mambo mengi. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Uongo mtupu. Yangu ilikuwa na lami kutoka Kitale mpaka Kamukuywa, na niliipita nikirudi bila kusimama.

Kilichoniuma zaidi kilikuja mwezi wa nane. Nilimpigia mama siku ya Alhamisi mchana, nikasikia kelele za soko nyuma yake. Nikamuuliza kwani leo si kliniki. Akanijibu kwa furaha kwamba kliniki aliachana nayo, sasa Alhamisi anauza mboga zake za sucha mapema na kuzimaliza. Na dawa ziliisha wiki tatu zimepita, hakuona haja ya kufuata zingine. Hapo ndipo nafasi yangu ilikuwa, wazi kabisa, mlango wenyewe umefunguliwa. Nikasema, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi, "Lakini mama, dawa si uendelee tu?"

Akacheka. Huwa ananiita baba, kwa sababu jina langu ni la baba yake. Akasema, "Baba, si wewe ulisema umeishika mwenyewe?"

Nikacheka na yeye. Kisha nikamuuliza bei ya mahindi. Hebu fikiria hilo. Mama yangu amewacha dawa kwa ajili yangu na mimi namuuliza gorogoro la mahindi limefika ngapi.

Mwezi wa kumi alianguka shambani, kwa maharagwe. Phanice alimkuta kati ya mistari, mdomo umeenda upande, mkono na mguu wa kushoto haviinuki. Nilifika hospitalini Bungoma jioni hiyo hiyo. Muuguzi wa zamu aliitwa Jepchumba, mwanamke mpole, alikuwa anamfunga ile mashine yao ya kujaza upepo kwa mkono wa kulia. Ikasoma mia mbili na kumi na nne. Mkono wa kushoto ulilala kando yake juu ya blanketi na saa yangu ikiwa bado imefungwa. Sijui shetani gani alinituma, nikaubonyeza ule moyo. Ikatetemeka kwa mkono ambao haukuhisi chochote. Mia moja kumi na nane kwa sabini na sita.

Jepchumba aliona. Hakunifokea, na ningependa angenifokea. Alisema tu saa za namna hiyo wamezipokea nyingi, kisha akauliza nani alimshauri mgonjwa aache dawa. Phanice akaangalia sakafu. Mimi nikaangalia dirisha. Na mama, ambaye siku hizo ulimi wake ulikuwa mzito, alikuwa anawaonyesha wagonjwa wa vitanda vya karibu ile saa kwa kidole cha mkono mzima, akijaribu kuwaambia mtoto wake ndiye alimnunulia. Ilikuwa inamchukua muda mrefu kulimaliza hilo neno, mtoto. Alilimaliza kila mara.

Niliifuta video. Kazi bure. Watu walishaichukua, inazunguka kwa makundi ya simu ya makanisa ambayo hata siyajui, mpaka Kachibora huko, na uso wangu uko pale unasema nimeshika mimi mwenyewe. Nilitengeneza nyingine ya kusema ukweli, nikaifunga saa kwa mahindi, kwa mwiko, kwa mguu wa kiti. Ilitazamwa na watu mia tatu. Wengi waliandika ati siku hizi nimekuwa mchekeshaji.

Mama aliruhusiwa mwezi wa kumi na moja. Nilienda Kamukuywa Jumamosi, nikamkuta ameketi sebuleni kwa kile kiti cha baba, mkono wa kushoto umewekwa juu ya mto, saa bado imefungwa. Nilivuta stuli nikakaa karibu naye, goti langu likigusa lake. Phanice alikuwa ng'ambo ya meza, anachambua maharagwe. Njiani nilikuwa nimejipanga vizuri. Nilikuwa niseme kampuni ilitudanganya wote. Mimi na wewe, mama, tumeibiwa.

Nikaanza hivyo hivyo. Nikamwambia ile saa haipimi presha, haijawahi kupima, inaandika nambari za kubuni. Nikasema watengenezaji ni watu wabaya sana. Niliwasema kwa hasira ya kweli, maana hasira ninayo tele. Mama alinisikiliza mpaka mwisho, jicho lake la kushoto likitoa machozi yale ya ugonjwa, ambayo si ya kulia.

Kisha akauliza, pole pole, neno kwa neno, "Ulijua lini?"

Phanice akaacha maharagwe.

Jibu nilikuwa nalo. Juzi, mama. Ni neno dogo, lingetoka kwa urahisi kuliko yote niliyowahi kusema mbele ya kamera, na angeliamini, kwa sababu aliamini kila kitu kilichotoka kwangu. Nililiweka mpaka kwa ulimi. Nikauangalia ule mkono juu ya mto.

"Kabla sijakuletea," nikasema. "Niliifunga kwa mahindi choma, dukani Kitale. Ikaandika vile vile. Tulicheka."

Hakulia. Hakunilaani, ingawa mama akimlaani mtoto kwetu ni jambo la kuogopwa, na nilikuwa nangoja. Nje kuku walikuwa wanaparura. Nadhani alikuwa anarudi nyuma siku moja moja, Alhamisi kwa Alhamisi, na zile Jumapili, na wale wanawake wa foleni. Mimi nilianza kusema nisamehe, lakini nilisikia sauti yangu ni ile ya video, nikanyamaza.

Halafu akauchukua mkono wake wa kushoto kwa mkono wa kulia, akauinua kutoka kwa mto. Nilidhani ananipa mimi, nikanyoosha mikono kuupokea. Akaupitisha mbele yangu, akajikunja juu ya meza kwa shida, akipumua kwa nguvu, akaulaza kati ya maharagwe ya Phanice.

"Nifungulie hii," akamwambia.

Phanice alipangusa vidole kwa sketi akaanza kuufungua mkanda. Ulikuwa umekazana, ilimchukua muda. Mimi ndiye nilikuwa nimekaa karibu na mama, na ndiye nilijua unavyofunguliwa.