Vigelegele Juu ya Wimbi

Hakuna mtu aliyewahi kumchosha Mwalimu Ratemo kama mama yake mzazi, na kilichomkera zaidi ni kwamba alimchosha hata ndani ya tepu.

Tepu yenyewe ni ya zile za kuzunguka kwenye magurudumu mawili. Aliirekodi kanisani Kisii mjini, siku kwaya na wapiga fidla walipoimba misa ya Kilatini, na mwimbaji wa pekee alikuwa Kemuma, mkewe. Kemuma sasa ni marehemu, na sauti yake haikubaki mahali pengine popote. Mashine ilipozunguka sebuleni kule Nyaramba, kukohoa kulikuwa marufuku. Jogoo alishahamishiwa kwa jirani.

Basi Kemuma alipofika kwenye sauti ya juu kabisa, pale ambapo watu wenye adabu hushika pumzi, mama yake Ratemo, Mama Nyakerario, alisimama kwenye kiti cha mbele akapiga vigelegele. Vigelegele vya harusi, jamani, kwenye muziki wa namna ile! Miaka yote Ratemo akifika hapo alipunguza sauti mpaka balaa lipite.

Juzi uvumilivu ukamwishia. Binti yake Linda alitaka nakala ya sauti ya mama yake, naye hakuwa tayari kumpelekea aibu. Akachukua wembe, akakata vigelegele, akaunganisha ncha, kipande akakitupa jalalani.

Leo akawasha mashine na kupandisha sauti, kwa mara ya kwanza bila woga. Wimbo ukaruka palipokatwa, Kemuma akaingia na mstari uliofuata, na mwanzoni mwake kulikuwa na mkia wa kicheko. Ratemo akarudisha tepu. Kicheko kweli. Kemuma alicheka mbele ya kanisa zima, na kicheko chenyewe kilikuwa kwenye kile kipande.

Jalalani hakukuwa na kitu.

"Mama! Nani amechukua tepu yangu?"

"Ile takataka?" Mama alijibu kutoka shambani. "Iko kazini."

Ilikuwa kazini kweli. Ilikuwa imefungwa kati ya vijiti viwili juu ya masuke ya wimbi, nafaka ya uji wao, inavuma kwa upepo, na ndege hawathubutu kusogea.

"Mama, hiyo si ya kufukuza ndege!"

"Si uliitupa mwenyewe? Wewe unatupa, mimi naokota, sasa ni kelele. Wimbi likiisha utakula hiyo muziki?"

"Kemuma yuko humo ndani, Mama."

Mama akafungua mafundo mwenyewe, taratibu, kwa vidole vyake vigumu.

Ratemo alikirudisha kipande mahali pake. Kilikuwa kimekunjamana, na kilipopita kilikwaruza, lakini safari hii hakugusa kitufe cha sauti. Vigelegele vikajaa nyumba nzima. Nyuma yavyo, Kemuma akacheka, kicheko kifupi cha mtu aliyeshindwa kujizuia, kisha akaendelea kuimba.

"Alikuwa ananicheka mimi," Mama akasema kutoka mlangoni, katikati ya muziki, bila hata kunong'ona. "Viatu vilikuwa vinanibana. Nilisimama navyo mkononi."

Ratemo alitaka kumwambia anyamaze, kama kawaida yake. Badala yake akamsogezea kiti.

"Rudisha," Mama akasema, akaketi.

Akarudisha. Nje ndege walishashuka kwenye wimbi, na hakuna aliyetoka kuwafukuza.