Meno ya Marehemu

Siku mwanawe alipomwibia meno, Bibi Pasi alikuwa amelala chali, jicho moja amelifumbua kidogo tu, unene wa uzi. Ilikuwa saa nane mchana. Mwanawe, mtu mzima wa miaka arobaini na sita, karani wa idara ya maji mwenye kitambi, aliingia akinyata, viatu mkononi. Alitumbukiza vidole kwenye kikombe kilichokuwa juu ya kigoda, akayatoa meno ya bandia yakichuruzika maji, akayafunga katika leso ambayo mama yake alikuwa ameipiga pasi asubuhi hiyo hiyo. Kisha akatoka vile vile alivyoingia.

Bibi alimwacha aende. Alitaka kwanza kujua safari ile inaishia wapi.

Jina la Bibi Pasi alilipata kwenye chumba cha kufulia cha hoteli moja, alikopiga pasi mashuka kwa miaka thelathini na mmoja. Mikono yake ilikuwa na makovu ya moto mpaka viwikoni. Kwa mikono hiyo alijenga nyumba ya vyumba vinne. Mumewe, dereva wa lori, alichangia mlango wa mbele na kelele. Alipofariki, miaka minane nyuma, majirani walisema sasa mama wa watu atapumzika. Hakupumzika. Mwanawe na mkewe walikuja kukaa miezi miwili wakitafuta pa kupanga, na huu ulikuwa mwaka wa sita.

Mkaza mwana alikuwa msusi. Alianza na sebule, akaigeuza saluni. Halafu akasema chumba cha mama kina mwanga mzuri wa kusukia, na mzee anayelala tu ana haja gani na mwanga? Bibi akahamishiwa stoo ya nyuma, kitanda kikabanwa kati ya magunia ya mkaa na kiti cha saluni kilichovunjika mguu. Kila hatua Bibi aliipinga kwa mdomo, na mdomo wake majirani walisema unaunguza kuliko pasi yenyewe. Wateja walikuwa wanachelewa kuondoka saluni makusudi, wamsikie akimsema mkwe wake. Ndiyo maana wakaanzia kwenye meno.

Siku tisa alikunywa uji. Alipouliza meno yake, mwanawe alimwambia pengine ameyameza. Na kila alipofungua mdomo, mkaza mwana alimwigiza mbele ya wateja waliojaa povu kichwani: "Nithaidieni thabuni. Nithaidieni thabuni." Wateja walicheka mpaka povu likawaingia machoni. Mmoja alimwita Bibi atoke aseme "sisimizi" wasikie. Bibi alirudi stoo akafunga mlango.

Ukuta wa stoo ulikuwa wa mbao, na upande wa pili ndiko kulikokuwa jikoni. Huko ndiko alikosikia safari inaishia wapi. Mkaza mwana alikuwa akimpanga mumewe: daktari atakuja Jumamosi saa nne. Akimkuta mzee anaongea kama kichanga, ataandika kwamba akili zimemruka. Kwa karatasi hiyo mwana ataiomba mahakama awe msimamizi wa mali, nyumba itauzwa, wao wafungue saluni kubwa mjini, na mzee apelekwe makao ya wazee. Tena daktari aambiwe kwamba mama huongea na marehemu.

Mwanawe aliuliza kwa sauti ndogo kama hiyo si dhambi.

"Dhambi ni mtu mmoja kuzeekea kwenye vyumba vinne," mkewe akamjibu, akaendelea kukata vitunguu.

Bibi alisubiri mwanawe aseme neno jingine. Alisikia kisu tu. Hapo alilia, lakini si sana. Aliona machozi yanamchelewesha.

Chini ya kitanda kulikuwa na mfuko aliokabidhiwa hospitalini siku mumewe alipofariki, na tangu siku hiyo hakuwahi kuufungua. Ndani yake mlikuwa na viatu, mkanda, na meno ya marehemu, ambaye naye alikuwa kibogoyo. Aliyachemsha mara mbili. Yalikuwa makubwa, alipofunga mdomo, mdomo ulikataa. Akayeyusha mshumaa, akapaka nta kwa ndani, akayang'ata mpaka yakashika. Siku tatu alifanya mazoezi ya kuongea, uso kwenye gunia la mkaa ili sauti isitoke.

Jumamosi mkaza mwana alimtayarisha mwenyewe. Alimvalisha gauni nje ndani, akamwachia kiatu kimoja, akampaka uji kifuani, akarudi nyuma hatua mbili kumtazama kama anavyotazama kichwa alichomaliza kusuka. Bibi alijiachia kama mwanasesere. Meno ya marehemu alikuwa ameyafumbata kiganjani.

Daktari alikuwa kijana mpole mwenye faili jipya. Aliinama akamwamkia. Bibi akageukia ukutani kana kwamba anakohoa, kisha akamgeukia.

"Marahaba, mwanangu. Karibu uketi. Usikae kiti kile, mguu wake mbovu kama adabu ya mwenyewe."

Meno yaligongana kila neno, ta, ta, ta, na yalimjaa mdomoni kiasi kwamba alionekana anacheka muda wote hata alipokuwa hacheki. Mkaza mwana aliyekuwa analeta chai alisimama mlangoni, chai ikamwagika mguuni, asiisikie.

Daktari alimuuliza siku, mwezi na mwaka. Akapata. Alimwambia ahesabu kutoka mia akipunguza saba saba. Kule hotelini kila kigari kilibeba mashuka saba, kwa hiyo Bibi alishuka mbio bila kupumua hadi akafika mbili. Kisha akaomba na mkwe wake apewe hesabu hiyo hiyo. Daktari, sijui kwa heshima au kwa utundu, akampa. Mkaza mwana alifika tisini na tatu, akaangalia dari, akasema themanini na tano.

"Mwandikie na yeye karatasi," Bibi akasema.

Daktari akauliza, kwa upole, kama ni kweli huwa anaongea na marehemu mumewe.

"Mume wangu amekufa miaka minane, mwanangu. Haya ni meno yake tu. Ya kwangu muulize huyu niliyemnyonyesha miaka miwili."

Wote walimgeukia karani, aliyekuwa amesimama nyuma ya mkewe. Aliangalia viatu vyake.

"Chooni," akasema.

Choo chenyewe kilikuwa cha shimo, kule uani. Daktari alichana fomu vipande vinne. Alisema anaweza kuandika barua nyingine, hii ya kwenda polisi. Bibi akamshukuru, akamwambia hapana; polisi watamlisha bure. Amwachie yeye.

Jioni ile aliwaambia wahame kufikia Jumatatu. Mkaza mwana aling'aka, lakini mwanawe alipiga magoti, akaomba msamaha kwa jina la marehemu baba yake. Bibi alifikiri kidogo. Akasema sawa, ukiyatoa meno yangu shimoni utakaa.

Jumapili nzima karani alilala kifudifudi uani, kichwa juu ya tundu, mkononi ana ufito mrefu uliofungwa waya na chujio la chai. Alitapika mara tatu. Majirani walileta viti. Bibi naye aliketi kivulini na gauni lake limegeuzwa sawasawa, akimwelekeza: kushoto kidogo, hapo hapo, hilo siyo. Mkewe alijifungia ndani. Watu walicheka mpaka wakachoka, halafu wakaanza kuona aibu, mmoja mmoja wakachukua viti vyao wakaenda. Bibi hakuondoka.

Saa kumi na nusu karani aliyapata. Aliyaosha kwa sabuni, kwa dawa ya madoa, kwa maji ya moto, akamletea kwenye sahani nyeupe. Alikuwa anatabasamu kama alivyokuwa akileta ripoti ya shule.

Bibi aliyatazama, hakuyagusa.

"Nilisema utakaa," akamwambia. "Nilidanganya. Kuna siku na wewe uliniambia nimeyameza."

Walihama Jumatatu, na mashine za kukaushia nywele juu ya mkokoteni. Mtaa uligawanyika. Wapo waliosema kikulacho ki nguoni mwako, kakitoa; wapo waliosema mama gani anamfanyia mwanawe vile mbele ya watu. Bibi alirudi kwenye chumba chake chenye mwanga, na vyumba viwili akawapangisha wauguzi.

Mwanawe huja kila mwisho wa mwezi. Bibi humwekea kiti barazani, humpa chai, hamruhusu kuvuka kizingiti. Mwezi uliopita alimuuliza mama yake atamsamehe lini. Bibi akamwambia anywe chai, inapoa. Alipoondoka, mmoja wa wale wauguzi alimkuta Bibi bado yuko barazani, akimtazama mwanawe mpaka kona, na alipomsemesha, Bibi alimwambia aingie ndani, amwache.