Ngazi za Corniglia

...na ngazi zenyewe ni zaidi ya mia tatu, Letisia ameandika hivyo kwa mkono wake, kutoka stesheni ya treni hadi Corniglia, kijiji kilichokaa juu ya mwamba, na Sulle ameshika kalamu juu ya karatasi ambayo mpaka sasa ina tarehe na salamu tu, Mpendwa mwanetu Sista Letisia, basi, nje lori la ngano linaunguruma na Gidamis dereva ameshapiga honi mara mbili, barua isipoondoka na lori hili kwenda Arusha haitafika Italia kabla masista wa huko hawajawapa wengine vyumba vyao, na zile siku tano za pwani zitakuwa zimekwenda, siku tano ambazo shirika limempa Letisia akae na wazazi wake baada ya nadhiri za daima, kabla ya kutumwa Brazili, na aliyetumwa Brazili harudi baada ya mwaka, anarudi baada ya kumi, kama anarudi... chagueni mji mmoja tulale hapo, ameandika, kwingine tutakwenda kwa treni na kurudi jioni, La Spezia, Levanto au Corniglia, na La Spezia wameshaifuta kwa sababu ni mji mkubwa wa bandari na mkewe Philomena amesema kelele za mitambo anazo za kutosha hapa shambani, imebaki miwili, na Corniglia mteremko wote umekatwa matuta, ameandika, yameegemezwa kwa mawe, wamepanda mizabibu, Sulle aliposoma hapo aliona Maretadu, aliona shamba la baba yake na maharage yakishuka ngazi kwa ngazi mpaka bondeni, na kizuri zaidi kijiji kiko juu, mbali na maji, maana kwao hakuna aliyejenga kando ya chemchemi, maji yana wenyewe wasioonekana, unachota, unapanda zako kilimani, amebatizwa tangu mtoto na bado hajawahi kulala mahali anaposikia maji, alipomweleza hivyo yule mtaalamu Mkanada wa karakana, Mkanada alicheka mpaka akaweka spana chini, watu wanatoka mbali walale wakiitazama bahari, wewe unataka kuipa mgongo... basi Corniglia, andika Corniglia, lakini goti, goti linauma hata akiwa amekaa, tangu mavuno ya mwaka juzi aliporuka kutoka kwenye kombaini akatua vibaya, akamkataza Philomena, usimwandikie mtoto, na kwa sababu hiyohiyo lazima iwe Corniglia, akichagua mji wa tambarare Letisia atauliza kwa nini, atajua, atakwenda na goti hilo mpaka Brazili, afadhali baba apande ngazi mia tatu akiuma meno, baba aliyembeba mabegani kutoka Maretadu hadi zahanati na homa yake ikimchoma shingoni, amkumbuke hivyo, anapanda... Philomena, ameketi kizingitini na ungo wa maharage, anasema kitu kuhusu koti, kwamba huko kuna upepo, Baba Letisia, unasikia, nasikia, anajibu, hasikii, na Gidamis amechoka kukaa ndani ya lori, amekuja mpaka dirishani, shikamoo mzee, halafu anauliza:

"Unachagua mji au unachagua mke wa pili?"

"Mke wa pili angeshapatikana," Philomena anasema bila kuinua kichwa. "Huyu hata shati analichagua nusu saa."

...wanacheka wote wawili, wacheke, yeye anarudi kwenye barua ya Letisia, ukurasa wa pili, mstari alioupita haraka tangu juzi, Levanto ni tambarare, baba, mimi ningependa huko, miguu yangu siku hizi inachoka, na chumba chenu kiko upande wa nyuma, kinaangalia bustani ya vitunguu ya masista, bahari haionekani wala haisikiki, naomba mnisamehe kwa hilo... mnisamehe, anaomba radhi kwa kitu alichokitafuta yeye mwenyewe, amezunguka mji mzima wa bahari akitafuta chumba kisichosikia maji, na miguu, miguu gani inayochoka kwa binti wa miaka ishirini na sita, miguu ile iliyokuwa ikitangulia kwenda kanisani kila Jumapili, akiwa na miaka sita, peku, nyuma yake bibi yake Ludovika, mama yake Sulle, pumzi imekwisha lakini hakubali kupumzishwa na mtu, na kila penye mwinuko mtoto anaketi, anashika unyayo, nimechomwa na mwiba, bibi anasimama, anapumua, Jumapili ya kwanza Sulle alipiga magoti akautafuta mwiba huo asiuone, ya tatu akaelewa, akanyamaza... anainua macho.

"Mama Letisia, ulimwandikia habari za goti?"

"Ulinikataza kuandika," anasema, anatupa kijiwe nje. "Sikuandika. Nilimtuma Padri Hermani alipokwenda huko Pasaka. Kwa mdomo."

...kwa mdomo, basi anajua, tangu Pasaka anajua, na hakuuliza, ameketi tu kule mbali akashika unyayo, na bibi, bibi alikuwa akisemaje pale penye mwinuko, alikuwa akitazama pembeni, kwenye mahindi ya watu, akisema, utoe taratibu, mjukuu wangu, kisibaki kipande ndani, na Sulle miaka yote hii aliamini mama yake alidanganyika, kumbe alikuwa akiona, kumbe kila Jumapili mzee yule alikubali kubebwa na mtoto wa miaka sita... honi ya tatu haijapigwa, Gidamis bado yuko dirishani, Philomena bado anachagua maharage, karatasi bado ina tarehe na salamu, na Sulle, kalamu mkononi, anajaribu kimoyomoyo sauti atakayotumia huko Levanto, mahali penye mwinuko kidogo, binti yake atakapoinama afunge kamba ya kiatu iliyokwisha kufungwa, polepole, mwanangu, ifunge vizuri, mimi nipo...